Dawa Inapochoka, Usiongeze Kidonge

Leo sitazungumzia bei ya sukari wala foleni za Dar es Salaam. Nitazungumzia miguu, tena miguu yangu mwenyewe.

Najua wapo watakaosema mtangazaji kaishiwa habari, sasa anatutangazia miguu yake. Sivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami maradhi haya nimeyaficha kwa miaka. Nilipoanza kuyasema pale kazini, wenzangu wawili na mama mmoja anayetuuzia chakula waliniambia maneno yale yale: "Kumbe na wewe?" Nikaona afadhali niyatoe hadharani, kwani huenda hata wewe unayenisikiliza una miguu ya namna hiyo.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Umemaliza kazi zako, umekula, umeoga, umejilaza. Badala ya usingizi kuja, miguu inaanza. Si maumivu hasa, wala si ganzi. Ni kama wadudu wanatembea ndani ya mifupa, au kama mtu ametikisa chupa ya soda akaifungulia ndani ya vigimbi vyako. Unajisikia lazima uuchezeshe mguu. Ukiuchezesha, unapata nafuu. Ukiutuliza, mambo yanaanza upya. Mwisho unaamka na kuzunguka sebuleni kama mlinzi wa usiku, huku nyumba nzima inakoroma.

Madaktari wanauita ugonjwa wa miguu isiyotulia. Si ugonjwa wa jana. Tabibu wa Uingereza, Thomas Willis, aliandika habari zake mwaka 1672, na mwaka 1945 daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, akaueleza kwa kina. Alama zake kubwa ni nne: hamu isiyozuilika ya kuchezesha miguu, hamu hiyo huja au huzidi ukiwa umekaa au umelala, hupungua ukitembea au kujinyoosha, na huwa mbaya zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi. Hata hivyo, kabla ya kuupa jina hilo, daktari huhakikisha kwanza kwamba si mkakamao wa misuli, si kuvimba kwa miguu wala jambo jingine linalofanana nao.

Nyumbani kwetu jina hilo halikujulikana. Shangazi yangu alisema nimekanyaga kitu kilichotegwa. Jirani akaniletea mafuta ya kuchua. Mama watoto hakusema kitu, ila usiku mmoja alichukua mto wake akahamia chumba cha watoto, maana nilikuwa nampiga mateke usingizini kama punda. Sikumlaumu.

Mwaka 2017 nilipata dawa. Daktari aliniandikia levodopa iliyochanganywa na kabidopa, dawa inayojulikana zaidi kwa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Nusu kidonge, saa nne usiku, kabla ya kulala. Ndugu msikilizaji, usiku ule wa kwanza nililala hadi jua likanichoma usoni. Mke wangu aliniamsha akidhani nimezimia. Kwa kiasi cha miaka miwili nilikuwa mtu kamili.

Baadaye nusu kidonge kikaanza kuchoka. Miguu iliyokuwa ikianza saa nne usiku ikaanza saa mbili. Nikajiambia mwili umeizoea dawa. Nikameza kidonge kizima, nikapata nafuu. Mwaka uliofuata miguu ikaanza saa kumi na mbili jioni. Nikaongeza cha pili. Kisha ikaanza alasiri, nikaongeza cha tatu. Sisi Waswahili tunasema dawa ya moto ni moto, nami niliishika methali hiyo kama sheria. Hospitali sikurudi. Muuzaji wa duka la dawa alikuwa amekwisha nizoea, cheti hakukiuliza tena, nami sikumkumbusha.

Wala sikuishia hapo. Kwa sababu miguu ilikuwa inachosha, nikawa nanunua diklofenaki za kutuliza maumivu. Kwa sababu usingizi ulikuwa haba, nikawa nameza vidonge vya mafua vile vinavyoleta usingizi. Kwa sababu mchana nilikuwa nasinzia, nikawa nakunywa kahawa chungu, vikombe vitatu au vinne, hadi jioni. Nilikuwa nimejifungulia zahanati yangu mwenyewe, mimi daktari, mimi nesi, mimi mgonjwa.

Ilipofika mwaka 2024 ugonjwa ulikuwa umepanda hadi mikononi. Siku moja nilisoma taarifa ya habari ya jioni nimesimama, maana kukaa kwenye kiti dakika kumi lilikuwa jambo lisilowezekana. Wasikilizaji wakapiga simu kuuliza karatasi zinazochakarisha studio ni za nini. Safari ya basi kwenda Dodoma nilimwomba dereva mara tatu asimamishe gari tukachimbe dawa, na mara zote tatu sikuwa na dawa ya kuchimba. Nilitaka kutembea tu. Abiria mmoja alinionea huruma, akanishauri nikapime sukari.

Hapo nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Mapema mwaka 2025 nilikasirika, nikavitupa vidonge vyote chooni. Nikasema kama dawa haifanyi kazi, basi na tuachane. Usiku wa kwanza sikulala. Wa pili sikulala. Wa tatu nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Asubuhi ya nne nikawasha gari kwenda kazini. Nikasinzia usukanini, pengine sekunde mbili au tatu. Honi ya daladala ndiyo iliyonizindua. Mbele ya bampa yangu, kwenye kivuko cha pundamilia, walisimama watoto wawili wenye sare za shule, wameshikana mikono, wananitazama.

Nilifunga breki. Hakuna aliyeumia. Nikaegesha gari pembeni na kukaa humo muda mrefu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, miguu yangu ilikuwa inatetemeka kwa sababu nyingine.

Mchana ule ule nilikwenda hospitali. Nikampata daktari mmoja wa mishipa ya fahamu, mama wa makamo, mpole lakini haongopewi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Kaa. Au simama, kama kukaa ni kazi."

Nikajua nimefika. Nilimweleza kwamba dawa yangu imechoka, naomba kali zaidi. Hakuandika kitu. Aliuliza swali moja: "Ulipoanza dawa, miguu ilikuwa inaanza saa ngapi? Na kabla hujaiacha, ilikuwa inaanza saa ngapi?" Nikamjibu: zamani saa nne usiku, sasa hata saa tano asubuhi. Akauliza kama imepanda mikononi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilipoongeza dozi nilipata nafuu ya muda, kisha hali ikawa mbaya kuliko kwanza. Nikasema ndiyo.

"Basi, mwanangu," akasema, "dawa yako haikuchoka. Iligeuka. Ulidhani unamwagia moto maji, kumbe unamwagia mafuta ya taa."

Akanieleza, nami nakueleza wewe kama nilivyoelewa. Katika ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, ambayo pamoja na mambo mengine husaidia kuratibu miendo ya mwili. Kwa wagonjwa wa miguu isiyotulia mpango wa dopamini umevurugika, na sababu moja kubwa ni upungufu wa madini ya chuma ndani ya ubongo. Dawa kama levodopa huongeza nguvu ya dopamini, ndiyo maana mwanzoni hufanya miujiza. Lakini zikitumika muda mrefu, hasa kwa dozi kubwa, kwa baadhi ya watu huufanya ugonjwa wenyewe ukue: unaanza mapema zaidi kila siku, unakuja upesi zaidi ukikaa, unasambaa mikononi au kiwiliwili, na kila kidonge kinafanya kazi kwa muda mfupi zaidi. Mgonjwa akiongeza dozi, anapata nafuu ya siku chache, kisha gurudumu linazunguka tena.

Hali hiyo ilielezwa mwaka 1996 na watafiti Richard Allen na Christopher Earley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na dawa waliyoichunguza ilikuwa hiyo hiyo levodopa na kabidopa. Baadaye zikaja ndugu zake, pramipeksoli na ropiniroli, ambazo Marekani iliziidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2005 na 2006. Nazo zikaonekana kuwa na tabia hiyo, ingawa huchukua muda mrefu zaidi kuionyesha. Tena ndugu hawa wana kasoro nyingine ya kutazamwa: mtu aliyekuwa hajui kamari anaweza kujikuta anabeti mshahara mzima, au ananunua vitu ovyo. Ukiona hivyo kwako au kwa mwenzio anayetumia dawa hizo, si lazima awe na pepo. Mwambie daktari.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watu 719 uliolinganisha pramipeksoli na dawa ya kundi jingine iitwayo pregabalini kwa mwaka mmoja. Waliogeukiwa na dawa walikuwa asilimia 2.1 kwa pregabalini, na asilimia 7.7 kwa pramipeksoli ya miligramu 0.5. Waweza kusema asilimia saba ni kidogo. Lakini huo ni mwaka mmoja tu, na ugonjwa huu mtu huishi nao miaka 20 au 30. Ndiyo maana mwongozo wa wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani uliotolewa mwaka 2025 hauzitaji tena dawa za dopamini kuwa chaguo la kawaida. Unatanguliza gabapentini, pregabalini, na kabla ya yote, kupima madini ya chuma.

Hapo kwenye chuma ndipo nilipopatwa na mshangao. Nilimwambia daktari kwamba damu yangu nilipima nikaambiwa inatosha. Akacheka. "Ulipima pesa za mfukoni," akasema, "hukupima akiba ya benki." Kipimo cha wingi wa damu huonyesha chuma kilichoko kazini. Akiba hupimwa kwa kipimo kingine, feritini, na huangaliwa pamoja na kile kinachoonyesha kiasi cha chuma kinachobebwa ndani ya damu. Mtu aweza kuwa na damu ya kutosha huku ghala ni tupu. Kwa wagonjwa wa miguu isiyotulia, mtu mzima akiwa na feritini isiyozidi 75, wataalamu hushauri aongezewe chuma, hata kama kwa mtu mwingine kiasi hicho kingeitwa cha kawaida. Yangu ilikuwa 14.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Wewe mwanamume, huendi mwezini, hujazaa. Hicho chuma kinakwenda wapi?" Nikapimwa choo kutazama minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu polepole. Haikuwepo. Nikaingizwa mpira wenye kamera tumboni, na huko kikaonekana kidonda kinachovuja damu kidogo kidogo. Akauliza ninatumia dawa gani za maumivu. Nikataja diklofenaki.

Ona jinsi mambo yalivyofungamana, ndugu msikilizaji. Miguu ilinifanya ninunue diklofenaki, ambazo kwa ugonjwa huu hazisaidii kitu. Diklofenaki, kwa jinsi daktari alivyoona, zikanitoboa tumbo. Tumbo likamwaga damu, damu ikaondoka na chuma, na chuma kilipopungua miguu ikazidi. Nami kila ilipozidi niliongeza levodopa. Na vile vidonge vya mafua vya kuleta usingizi? Navyo huichochea miguu isiyotulia. Kadhalika baadhi ya dawa za sonona na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika. Hata kahawa na pombe huwasumbua wengi wetu. Mambo manne au matano yalikuwa yamebadilika mwilini mwangu, lakini mimi nilikuwa nailaumu dawa moja.

Matibabu hayakuwa ya siku moja. Kwanza alinirudisha kwenye levodopa kwa dozi ndogo, kisha akaipunguza hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, huku akiniingiza kwenye gabapentini ya jioni. Alinionya mapema: siku chache baada ya kidonge cha mwisho zitakuwa ngumu. Kweli zilikuwa ngumu. Niliomba likizo, funguo za gari nikamkabidhi mke wangu, na usiku tukawa tunatembea naye uani, yeye na khanga yake mabegani, mimi na miguu yangu. Usiku wa kumi nililala saa nne mfululizo. Kidonda kilitibiwa. Chuma nilichomwa mshipani hospitali, kwa kuwa tumbo langu lilikuwa bado bovu. Wengine hupewa vidonge, na hivyo ni rahisi zaidi kwa mfuko. Vidonge vya chuma havipendi chai. Afadhali vimezwe mbali na chai na maziwa, kwa maji ya machungwa ikiwezekana. Na kama bado unatumia levodopa, usivimeze kwa pamoja, maana chuma huizuia isiingie vizuri mwilini.

Lakini usitoke hapa ukakimbilia kununua vidonge vya chuma. Chuma kikizidi nacho ni sumu, na wapo ambao tayari wanacho kingi, kama baadhi ya wagonjwa wa seli mundu waliokwisha ongezewa damu mara nyingi. Pima kwanza. Na pima ukiwa huna homa, kwani maambukizo huweza kuipandisha feritini ikaonekana nzuri kumbe ghala ni tupu.

Na neno jingine ambalo naomba lisikike vizuri. Kama unatumia levodopa kwa ajili ya Parkinson, mazungumzo haya hayakuhusu, na usiguse dozi yako. Kama unaitumia kwa ajili ya miguu, nawe usiiache ghafla kama nilivyofanya mimi. Wale watoto wawili wa kivukoni wangekuwa ndio waliolipa.

Basi ufanye nini ukiona dawa ya siku nyingi haikusaidii kama zamani? Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika miguu inaanza saa ngapi, inafika wapi, umemeza nini na saa ngapi, zikiwemo dawa za mafua, za maumivu na za miti shamba. Andika na kahawa. Peleka daftari hilo hospitali na uulize maswali matatu: Je, dawa imenigeuka? Je, akiba yangu ya chuma ikoje? Je, kuna kitu kingine ninachokunywa kinachoichochea miguu? Mwanamke mjamzito aseme kwamba ni mjamzito, kwani ugonjwa huu huwapata wengi katika miezi mitatu ya mwisho na mara nyingi huondoka baada ya kujifungua. Mwenye matatizo ya figo naye aseme, maana figo zikishindwa kazi miguu huweza kusumbua, na hata dozi ya gabapentini inabidi ipunguzwe. Dawa hiyo huleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo usiimeze kisha ukashika usukani.

Yapo na ya kujifanyia bila cheti: kukanda vigimbi, kujinyoosha kabla ya kulala, kuoga maji ya moto au ya baridi, kutegemea upi unakufaa, na kulala saa ile ile kila siku. Safarini omba kiti cha upande wa njia ya kupita. Mimi siku hizi nikiwa safarini nasema wazi: "Dereva, nina ugonjwa wa miguu, naomba tukisimama unipe dakika tano za kutembea." Hakuna dereva aliyewahi kunikatalia.

Sijapona. Ugonjwa huu kwa wengi wetu hauna dawa ya kuung'oa. Lakini katika usiku saba wa juma, mitano au sita ninalala. Mama watoto amerudisha mto wake. Na taarifa ya habari ya jioni, kama ulivyoisikia jana, niliisoma nimekaa.

Hadi juma lijalo panapo majaliwa, nakutakia usiku mwema, wewe na miguu yako.